Mama anataka kuliona jumba la Mtoni na bustani zake: kuna kilichobaki?

"Asalaam aleikum. Nakaa Fuoni, nina watoto watatu, mkubwa ana miaka kumi na moja. Mama yangu ana miaka 71 na anakuja kutoka Wete kukaa nami wiki mbili. Tangu nikiwa mdogo hamu yake ni kuliona jumba alilozaliwa Bibi Salme, binti wa sultani, na bustani zake. Nimeulizia, kila mtu ana lake. Jirani ananambia nisipoteze nauli, Mtoni hakuna kitu ila kuta, na bustani zilikufa zamani. Shemeji yangu anasema magofu yale yana wenyewe, watoto wasipelekwe. Mwalimu wa mwanangu anapendekeza jumba la Dunga, lakini kawaambia watoto kuwa kuta zake zilijengwa kwa chokaa iliyokorogwa na damu za watumwa, na sasa mdogo hataki kusikia habari za majumba. Mama ana maradhi ya magoti, hawezi ngazi nyingi wala kusimama muda mrefu. Siku niliyonayo ni moja tu. Twende? Tuanzie wapi? Na bustani zimebaki kweli?"

Wa alaykumu ssalaam dada yangu. Nendeni. Kipo cha kuona, na kwa mtu mwenye hamu ya miaka yote hiyo, kipo kingi kuliko anavyodhani jirani yako. Ila mama aelezwe mapema anakokwenda, maana anayekwenda Mtoni akitarajia jumba lenye dari, mazulia na vitanda vya besera atarudi na huzuni, na kosa litakuwa la waliomwambia, si la jumba.

Maneno ya jirani yako ni kweli nusu. Mtoni ni magofu. Maruhubi, jumba jengine la sultani karibu na hapo, ni magofu. Maua yaliyopandwa na kumwagiliwa kila alfajiri hayapo tena. Nusu ya pili ndiyo isiyosemwa. Bustani za majumba haya zilikuwa, kabla ya kitu kingine chochote, kazi ya maji: mto uliogeuzwa njia, mifereji iliyoinuliwa juu ya nguzo, mabirika, mahamamu (nyumba za kuogea), halafu miti ya vivuli na matunda iliyosimama kwa sababu ya maji hayo. Maua hufa kwa wiki mbili za kiangazi, lakini birika la mawe na chokaa halifi hivyo, wala mwembe. Ukiwapeleka watoto watafute maua mtaondoka baada ya dakika kumi. Waambie watafute maji yalitoka wapi na yalikwenda wapi, na siku nzima haitawatosha.

Kwanza nikueleze kwa nini majumba yako huko yaliko, kwa sababu hapo ndipo mambo mengine yote yanapofumbuka. Kisiwa cha Unguja kina sura mbili. Upande wa mashariki ni maweni, jiwe la matumbawe lenye matundu. Mvua ikinyesha inazama papo hapo, na juu hakubaki mto. Upande wa magharibi una udongo mzito na vilima, na kilima kirefu kuliko vyote ni Masingini, chenye mita 120 hivi kutoka usawa wa bahari. Mvua ya masika inayonyesha juu ya msitu wa Masingini inaingia ardhini polepole, na udongo wa chini unaizuia isizame moja kwa moja, kwa hiyo inatokeza miguuni mwa kilima kama chemchemi. Chemchemi za upande wa Bububu ni za namna hiyo, na vijito vinavyoteremkia pwani vinapata uhai wao huko juu. Sasa tazama ramani: Maruhubi, Mtoni, Kibweni, Beit el Ras, Chuini. Yote yamejipanga pwani ya magharibi, kaskazini ya mji, kati ya kilima na bahari. Upepo wa pwani, kivuli, jahazi mlangoni, na maji matamu yanayoteremka yenyewe bila ya kutekwa. Sultani aliyetoka Maskati, kwenye jua kali na mawe, alijua thamani ya maji yanayotembea.

Sultani huyo, Seyyid Said bin Sultan, alifika Zanzibar kwa mara ya kwanza mwaka 1828, na jumba la Mtoni likajengwa katika miaka iliyofuata. Ndilo kongwe kuliko majumba yote ya masultani hapa kwetu. Shamba lenyewe lilikuwa la tajiri mmoja, Saleh bin Haramil, ambaye ndiye anayetajwa kuwa miongoni mwa wa mwanzo kupanda mikarafuu Unguja. Seyyid Said alimnyang'anya mashamba yake, Mtoni na Kizimbani yakiwemo. Kwa hiyo kabla hapajawa mahali pa fahari palikuwa shamba, na hata baadaye palibaki na tabia ya shamba.

Sayyida Salme, yaani Bibi Salme, binti wa Seyyid Said, alizaliwa hapo tarehe 30 Agosti 1844. Mama yako huenda anajua habari zake kwa kusimuliwa, lakini nyingi tunazijua kwa maneno yake mwenyewe, kwa kuwa alijifundisha kuandika kwa siri wakati watoto wa kike wakifundishwa kusoma tu, akaondoka Zanzibar mwaka 1866, akaolewa na Mjerumani, na mwaka 1886 akachapisha Ujerumani kumbukumbu za maisha yake. Humo anaueleza ua mkubwa wa Mtoni uliokuwa na paa, tausi, heroe, mabata na mbuni wakitembea huru, michungwa mirefu, na upande mmoja mabirika ya kuogea yapatayo kumi na mawili, yakijazwa na maji ya mto. Anaeleza pia roshani kubwa ya mviringo iliyotazama bahari, baba yake alipopenda kunywa kahawa na kutembea huku na huku ameinamisha kichwa, akiwaza. Zingatia kwamba katika maelezo yake bustani haiko nje ya nyumba. Ua, maji, wanyama na watu ni kitu kimoja. Mkifika, msitafute bustani nyuma ya jumba, maana mtakuwa mmesimama ndani yake.

Na kwa nini limebaki gofu? Watoto watauliza, na jibu lake ni zuri kuliko hadithi za mashetani. Nyumba zetu za zamani zilijengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa na chokaa, mchanga na udongo mwekundu, na dari zake zilibebwa na boriti za mikandaa. Boriti ya mkandaa haiendi mbali. Kwa kawaida ikizidi mita tatu hivi haiaminiki. Ndiyo maana vyumba vya majumba haya ni virefu lakini vyembamba, hata vya sultani. Mpe mwanao mkubwa kazi ya kupima upana wa chumba kwa hatua, ataona mwenyewe kwamba urefu wa mti wa mkandaa ndio uliopanga ukubwa wa chumba cha mfalme.

Nyumba kama hiyo inaishi maadamu paa linaishi. Paa likivuja, maji yanaingia kwenye vichwa vya boriti mle zilimozama ukutani, na hapo ndipo panapooza kwanza, halafu mchwa anamalizia. Boriti zikiachia, kuta mbili zilizokuwa zimeshikana kwa dari zinabaki kila moja peke yake. Mvua inaosha chokaa kutoka kati ya mawe, mbegu ya mtini inadondoshwa na ndege, mizizi inaingia kwenye ufa na kuupanua. Haihitaji vita wala laana. Mtoni ilianza kuachwa katika miaka ya 1880, na wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia sehemu zake zilitumika kama ghala. Nyumba isiyolaliwa na mtu haina wa kuziba tundu la paa mvua ya kwanza inapoonya.

Niongeze jambo ambalo hukuniuliza, kwa sababu linaniuma kila ninapoliona mjini. Watu wenye nyumba za mawe wanaziba nyufa kwa saruji wakidhani wanaziimarisha. Ukuta wa chokaa unapumua: unyevu unapanda kutoka ardhini na kutoka kupitia plasta. Ukiupiga saruji ni kama kumvalisha mfuko wa nailoni mtu anayetoka jasho. Unyevu unabaki ndani pamoja na chumvi ya pwani, jiwe linaliwa pole pole nyuma ya plasta inayoonekana nzima, na siku moja linaanguka pande kubwa. Chokaa inataka subira, siku nyingi za kulowekwa na siku nyingi za kukauka, lakini ndiyo dawa ya nyumba zile. Ikiwa wewe au jamaa yako mnaishi katika nyumba ya namna hiyo na ukuta umetoa tumbo au ufa unaongezeka, msitegemee ushauri wa kuandikiwa kama huu wangu. Mwiteni mtu wa Mamlaka ya Mji Mkongwe au fundi anayeijua chokaa aje auguse.

Maruhubi ni habari nyengine kabisa. Jumba lile alilijenga Sayyid Barghash, aliyetawala kutoka 1870 hadi 1888, na ujenzi ulikuwa katika miaka ya 1880 hadi 1882 kwa ajili ya watu wa nyumba yake. Halikufa kwa kuvuja. Liliungua mwaka 1899. Sehemu kubwa ya juu ilikuwa ya mbao, na moto ulipoishika haukuacha kitu. Zile nguzo nene mtakazoziona zimejipanga zenyewe uwanjani zilikuwa zinabeba roshani. Moto ulichukua kilichobebwa ukaacha kilichobeba, ndiyo maana mgeni anaona kama nguzo zimesimama bila sababu. Ukishalijua hilo, inua macho juu ya nguzo na uweke sakafu ya mbao kwa mawazo, na watu juu yake wakitazama bahari, jumba linarudi mahali pake.

Na Maruhubi ndiko kazi ya maji inakoonekana wazi zaidi. Kuna mabaki ya mfereji ulioinuliwa juu ya nguzo za mawe, kuna hamamu, na kuna mabirika makubwa ambayo sasa yameota mayungiyungi. Mfereji ulipandishwa juu kwa sababu nyepesi: maji hayapandi yenyewe, kwa hiyo ukitaka yafike mbali yakiwa bado na nguvu ya kuingia hamamu, usiyaache yagonge chini mapema. Unayashika juu, unayapa mteremko mdogo sana, na yanakwenda. Barghash alikuwa mtu wa maji hasa. Ndiye aliyewaletea watu wa mjini maji safi ya mfereji kutoka chemchemi za upande wa Bububu, na hamamu la umma la Hamamni pale mjini ni lake pia. Miembe mikubwa ya Maruhubi nayo ni sehemu ya bustani ile. Kama jirani yako atauliza tena bustani iko wapi, mwambie ulikaa chini yake ukala.

Kituo cha tatu ninachokipendekeza ni Kidichi, ndani kidogo, kilomita nne hivi kutoka Bububu kuelekea mashamba. Hapa kuna hamamu alilolijenga Seyyid Said mwaka 1850 kwa ajili ya mkewe wa Kiajemi, Binti Irich Mirza, aliyetokana na ukoo wa shah wa Uajemi. Walikuwa wakija huku kuwinda na kutazama mashamba, na baada ya vumbi la shamba panatakiwa pa kuoga. Tofauti na Mtoni na Maruhubi, jengo hili limesimama, lina makuba yake, na ndani kuta zina nakshi za plasta: maua, mitende, na hata tausi. Picha za ndege ukutani si desturi ya majengo ya Waarabu wa hapa, na mama yako atazishangaa. Ni mkono wa Waajemi, waliokuwa wepesi zaidi katika jambo hilo. Simama katikati, subiri macho yazoee giza, ndipo nakshi zitakapojitokeza. Watu wengi huingia, wakasema "pako tupu", wakatoka kabla macho hayajazoea.

Na huko njiani kuna mikarafuu, mdalasini, mikungumanga, mishokishoki. Mwambie mama hili, kwa kuwa ni mtu wa Wete: tufani la Aprili 1872 liling'oa mikarafuu mingi mno ya Unguja, na Pemba ikapona kwa sehemu kubwa. Tangu hapo Pemba ndiyo iliyobeba karafuu za Zanzibar. Anapopita mashamba ya Kidichi anapita pale ambapo kisiwa chake kilipokea kazi kutoka kwa hiki chetu. Nadhani hapo ndipo utamsikia akianza kusimulia yeye, na watoto wanyamaze wasikilize.

Sasa maneno ya shemeji yako na ya mwalimu.

Shemeji simkatalii imani yake. Mahali palipoachwa, palipo na visima, pango na vichaka, wazee walipakatazia watoto, na kukatazwa huko kulikuwa na faida yake. Soma dua zako unapoingia kama unavyosoma unapoingia mahali popote usipopajua, na watoto wasome pia, itawatuliza. Lakini mimi ninachokiogopa kwenye magofu ni kinachoonekana. Kisima kilichofunikwa na majani. Jiwe lililolegea juu ya kichwa. Nyoka kwenye marundo ya mawe. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit el Ajaib, jumba kubwa la zamani la sultani, iliporomoka pale Forodhani mchana kweupe, katikati ya mji, jengo likiwa katika matengenezo, na watu wawili walikufa. Jengo lile liliangaliwa na kila mtu kila siku. Kwa hiyo amri iwe moja na haina mjadala: hakuna kupanda ukuta, hakuna kukaa chini ya ukuta mrefu usio na dari, na chakula kinaliwa chini ya mti, si ndani ya gofu. Mtoto mdogo ashikwe mkono wakati wote.

Kuhusu damu kwenye chokaa ya Dunga, hadithi hiyo inasimuliwa sana. Jumba lile lilijengwa na Mwinyi Mkuu, mtawala wa wenyeji wa Unguja, Muhammad bin Ahmed, kati ya 1845 na 1856. Yeye alifariki 1865, na mwanawe Ahmed alipofariki 1873 cheo cha Mwinyi Mkuu kikaisha. Ngoma na siwa (pembe) za utawala wao zimehifadhiwa. Mwambie mwanao mdogo kwamba wekundu anaoweza kuuona kwenye viungo vya kuta za zamani ni udongo mwekundu uleule niliokutajia, mafundi waliuchanganya na chokaa kwa sababu ulipatikana na ulishika vizuri. Ukienda Mtoni utauona, mjini utauona. Wekundu huo si damu.

Lakini dada yangu, usiishie hapo ukamwacha mtoto akidhani watumwa ni hadithi ya kutisha tu. Mawe haya yalivunjwa, yakabebwa na kujengwa kwa sehemu kubwa na watu waliotekwa bara na kuvushwa bahari. Mabirika yale yalisafishwa nao, na mikarafuu ilipaliliwa nao. Soko la watumwa mjini lilifungwa mwaka 1873, na utumwa wenyewe ukapigwa marufuku kisheria 1897. Bustani hizi zilikufa haraka baada ya hapo kwa sababu nyingi, na mojawapo ni kwamba bustani ya namna ile ilitegemea mikono isiyolipwa kila alfajiri. Mtoto wa miaka kumi na moja anaweza kulibeba jambo hili akielezwa kwa utulivu na mtu anayempenda. Ni kweli zaidi kuliko hadithi ya damu, na halimnyimi usingizi.

Dunga yenyewe siipendekezi kwa safari yenu. Si kwa sababu haina thamani, bali iko upande mwengine, njia ya Chwaka, na mkiiongeza mtamaliza siku garini. Kuna pia Jumba la Makumbusho pale Forodhani, Beit el Sahel ya zamani, ambalo lina kumbukumbu za Sayyida Salme na samani za masultani. Kama mvua itakesha, au magoti yataamka vibaya siku hiyo, hilo ndilo badala. Lakini ulizia kabla kama liko wazi, kwa kuwa majengo ya mbele ya mji yamekuwa na matengenezo, na ujue lina ngazi. Nami ningemwachia siku nyengine. Hamu ya mama ni Mtoni, na samani za kwenye makumbusho hazitaikata.

Utaratibu wenu nauona hivi. Kwa mtu mwenye miguu mizima ningesema aanze Kidichi juu, ateremke na maji mpaka pwani. Kwa mama yako, la. Anzeni Mtoni, saa mbili na nusu au saa tatu asubuhi, wakati magoti bado hayajachoka na jua halijakaza, maana hicho ndicho alichokisubiri. Msiende na haraka. Mpeni kiti kidogo cha kukunja, akae penye kivuli palipo mbali na ukuta, watoto wazunguke na mtu mzima na kurudi kumsimulia. Kukaa tu ndani ya ua ule na kusikia bahari kunatosha kwa mtu anayejua habari za mahali.

Saa tano hivi pandeni Kidichi. Adhuhuri mashambani kuna kivuli na upepo, wakati pwani inachoma. Sakafu ya hamamu inaweza kuteleza na kuna vizingiti, kwa hiyo mama ashikwe, avae viatu vya kufunga, si ndara. Swala ya adhuhuri mswali Bububu, misikiti iko barabarani, na chakula mle hapo au mkibebe na kukifungua Kidichi. Kutoka hapo pumzikeni kweli kweli; ningemwacha mama alale hata nusu saa kwa jamaa yeyote mliye naye njia hiyo. Baada ya alasiri, mkiwa njiani kurudi, ndipo Maruhubi. Jua liko chini, nguzo zina vivuli virefu, na ufukweni karibu na hapo mafundi wa majahazi huwa kazini, jambo ambalo watoto wa kiume hawataki kuliacha. Kama mama amechoka, Maruhubi ikatwe bila ya majuto. Mtoni na Kidichi ni siku kamili.

Kwa usafiri, daladala za njia ya Bububu zinapita mbele ya Maruhubi na Mtoni, na kwa vijana hazina tabu. Kwa mama nakushauri mkodi gari ya mtu mnayemjua kwa siku nzima, mkubaliane bei na vituo vitatu kabla ya kuondoka. Kupanda na kushuka daladala mara sita ndiko kutakakomwumiza magoti, kuliko kutembea kwenyewe. Kama safari inaangukia Machi hadi Mei, mjue njia za mashamba zina tope. Kipupwe, kati ya Juni na Agosti, ndicho kizuri kwa mtu mzima. Ijumaa iepukeni, swala itawakata mchana katikati.

Siku moja au mbili kabla, pita ofisi ya Makumbusho na Mambo ya Kale mjini, wewe mwenyewe, usitegemee simu ya mtu. Uliza sehemu gani ziko wazi, kiingilio cha wenyeji ni kiasi gani, na uombe mtembezaji anayejua Kiswahili cha kumsimulia mzee, si yule aliyezoea kuwasimulia wageni tu. Hilo la mwisho lina uzito. Mama yako ana maswali ambayo mtalii hana: nani alikuwa nani, nani alimzaa nani, kaburi liko wapi. Mtembezaji mzuri atamjibu, na pengine mama naye atamfundisha mawili matatu, maana mtu wa Wete huenda ameshapita Pujini, kwenye magofu ya ngome kule Pemba, na ana habari za Mkama Ndume, mtawala wake, zisizo vitabuni. Mkiona huko jiwe jipya lililoanguka, ufa mbichi au kisima kilicho wazi, msikiguse wala msikifunike wenyewe. Mwambieni mlinzi au mrudi ofisini kusema.

Na magoti, kabla ya yote. Kama ni maumivu yale yale aliyoyazoea, yanayokaza asubuhi na kulegea akitembea kidogo, safari hii ataiweza kwa mapumziko niliyokueleza. Lakini kama goti moja limevimba kuliko jengine, lina moto ukiligusa, limefunga haliendi, au ameanguka karibuni, mpeleke hospitali aonwe na daktari kwanza, na safari mwisogeze wiki ya pili. Mimi najua kuta. Goti la mama lionwe na anayelijua.